Ndoa Yenye Masharti

Mwezi Machi mwaka 2019 mpwa wangu aliniandikia kutoka Marekani akiniomba jambo ambalo sikuwahi kuombwa na mtu yeyote tangu nizaliwe. Alitaka niandike hati ya kiapo kuthibitisha kwamba ndoa yake ilikuwa ndoa ya kweli. "Mjomba," aliandika, "waeleze yale tu uliyoyaona kwa macho yako. Usiongeze chumvi."

Nilisoma maneno hayo mara tatu nisiyaelewe. Ndoa ile ilifungwa hapa hapa Bariadi mwaka 2016, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Bwana arusi, Mmarekani, alikuja na kukaa nasi majuma matatu. Alikula matobolwa, akajifunza kuitikia "mwangaluka" asubuhi, na ng'ombe waliokubaliwa walitolewa hadharani na kuhesabiwa na wazee. Nilidhani ndoa ikishahesabiwa hivyo imekwisha kuthibitishwa. Kumbe kwa serikali ya kule ilikuwa bado iko kwenye majaribio, na ukaazi wa mpwa wangu uliotokana nayo ulikuwa na masharti yaliyopaswa kuondolewa kabla ya kutimia miaka miwili.

Ndugu msomaji, jambo hilo lilinikosesha usingizi, nikaanza kulifikiri kwa undani. Ni nani mwenye haki ya kuuliza kama ndoa ya mtu ni ya kweli? Akiuliza, anataka ajibiwe kwa ushahidi gani? Na yule anayeishi chini ya masharti atayatoka lini?

Nilipotafakari niliona kwamba sisi Wasukuma hatuna sababu ya kujifanya tunashangaa. Kwetu pia ndoa ilikuwa na masharti, na masharti yenyewe yalitembea kwa miguu minne. Mwanamume aliyetaka mke na watoto wawe wa nyumba yake ilimpasa kukwa, yaani kutoa ng'ombe wa mahari, ambayo kwa lugha yetu huitwa bukwi. Asiye na ng'ombe hakufungiwa mlango kabisa. Aliweza kuishi na mwanamke, mara nyingi karibu na ukweni, akiwalimia wakwe zake. Lakini watoto waliozaliwa walihesabiwa kuwa wa upande wa mama. Siku akipata ng'ombe aliwapeleka mbele ya wazee, akawakomboa watoto wake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena yeye ni nani pale kijijini.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa namna hiyo. Alifika upande huu wa Mto Simiyu akitokea Maswa, ng'ombe wa baba yake wakiwa wamekwisha kwa maradhi. Ng'wanangwa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, alimpa mahali pa kulima, na mzee mmoja akamruhusu kukaa na binti yake. Kwa miaka sita alikuwa mkwe asiyekamilika. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba watu walipogombana na babu hawakumtukana kwa maneno makali, walimwambia tu, "Wewe, ng'ombe wako wako wapi?" Mwaka wa saba, baada ya mavuno mazuri ya pamba, alileta ng'ombe tisa. Baba yangu, aliyekuwa mtoto mdogo, alibadilishiwa ukoo siku hiyo hiyo.

Sisemi kwamba mila hiyo ilikuwa ya haki katika kila jambo. Bibi hakuulizwa anataka nini. Wenye neno walikuwa wanaume, na ng'ombe walipita kutoka mikononi mwa mwanamume mmoja kwenda kwa mwingine. Mtaalamu mmoja aliyekuwa akiitumikia serikali ya kikoloni, Hans Cory, alichapisha kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na anayesoma kanuni za mambo hayo anaona wazi jinsi mwanamke alivyokuwa akitajwa zaidi kama jambo la kuamuliwa kuliko kama mtu wa kuamua. Hata hivyo mila ile ilikuwa na sifa moja ninayotaka uikumbuke mpaka mwisho wa maelezo haya: sharti lake lilijulikana na watu wote, na lilikuwa na mwisho.

Baada ya Uhuru serikali iliyalegeza mambo hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu tu mahari haikutolewa kama desturi inavyotaka. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 160, iliweka jambo jingine lililowagusa watu wengi wa hali ya chini. Mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawatambua kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Zingatia hiyo miaka miwili. Kwetu miaka miwili ya kuishi pamoja machoni pa majirani inaweza kumfanya mtu aheshimiwe kama mke hata kama hana karatasi. Kule alikokwenda mpwa wangu, mtu mwenye karatasi zote anawekwa miaka miwili chini ya uangalizi.

Marekani haikuanza hivyo. Zamani sheria zake zilimchukulia mke kama kivuli cha mumewe. Kwa sheria ya mwaka 1907 mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake mwenyewe, akahesabiwa kuwa mtu wa nchi ya mume, hata kama hakuwahi kuiona nchi hiyo. Mwaka 1922 Bunge lao lilianza kuivunja kanuni hiyo, lakini aliyeolewa na mwanamume wa Kiasia, ambaye sheria za wakati huo zilimnyima uraia, aliendelea kupoteza wa kwake mpaka mwaka 1931. Waingereza nao, waliotutawala sisi, walikuwa na kanuni kama hiyo mpaka sheria yao ya mwaka 1948. Kwa hiyo, wanaodhani kwamba kumfunga mke kwenye jina la mume ni mambo ya Waafrika peke yao wanakosea.

Masharti ya miaka miwili yalikuja baadaye. Mwaka 1985 maofisa wa uhamiaji waliliambia Baraza la Seneti kwamba karibu asilimia 30 ya ndoa zilizotumika kuombea ukaazi zilikuwa za udanganyifu. Tarakimu hiyo ilishtua watu. Baadaye ilibainika kwamba hesabu yenyewe haikuwa na msingi wa kutegemewa, lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita. Rais Ronald Reagan aliitia sahihi tarehe 10 Novemba 1986. Tangu hapo, mgeni anayepata ukaazi kwa njia ya ndoa ambayo bado haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya muda wa miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, mume na mke hupeleka ombi la pamoja, wote wawili wakiwa wametia sahihi, la kuondolewa masharti. Wasipopeleka, ukaazi wenyewe hufutika.

Ombi hilo huambatana na ushahidi kwamba watu hao wameishi kama mume na mke: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, hati za kodi, ankara za umeme, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama wapo, picha, na hati za kiapo za watu wanaowafahamu wote wawili. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka kidogo. Mke wangu na mimi tumeoana zaidi ya miaka 40, na kama tungetakiwa kuleta akaunti ya benki ya pamoja na ankara yenye majina yetu mawili, tungeonekana matapeli. Ndoa yetu ushahidi wake ni watoto, shamba, na majirani waliochoka kusikia kelele zetu.

Lakini kicheko kilikwisha nilipofahamu sheria ile ilivyofanya kazi ndani ya nyumba za watu. Kwa kuwa ombi lilihitaji sahihi mbili, ile sahihi ya mwenyeji iligeuka fimbo. Mume au mke mwenye uraia aliweza kumwambia mwenzake mgeni, "Usipofanya ninavyotaka sitatia sahihi." Sheria ya mwaka 1986 iliacha vichochoro vya kupitia, lakini vilikuwa vyembamba. Aliyetaka kupita peke yake ilimlazimu kuonyesha kwamba kuondolewa nchini kungemletea mateso makubwa mno, au kwamba ndoa ilikuwa ya nia njema na ni yeye mwenyewe aliyeivunja kwa sababu za haki. Wanawake waliopigwa walinyamaza. Watetezi wao walipiga kelele, na mwaka 1990 sheria ikarekebishwa: aliyepigwa au kufanyiwa ukatili aliruhusiwa kuomba peke yake, na aliyetalikiwa akatakiwa kuthibitisha tu kwamba aliingia katika ndoa kwa nia njema, bila kujali ni nani aliyekwenda mahakamani kwanza. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria nyingine kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, nayo ikamwezesha mke anayeteswa kuomba ukaazi mwenyewe hata kama mume hajawahi kumwombea.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Nilipompigia simu kumwuliza kwa nini anaomba kiapo mapema hivyo, alinyamaza kwa muda, kisha akalia. Yule bwana aliyekula matobolwa yetu alikuwa amebadilika. Alikuwa akichukua mshahara wake wote, na mara mbili alikuwa amempiga. Kila alipotaka kuondoka aliambiwa, "Mimi nisiposaini, wewe utarudi kwenu kuchunga ng'ombe." Basi akavumilia, akihesabu miezi kama mfungwa. Aliyemfungua macho alikuwa mwanamke jirani, aliyempeleka kwa mwanasheria anayesaidia watu wasio na fedha. Huko ndiko alikoambiwa kwamba mlango wa kupita peke yake ulikuwapo tangu mwaka 1990. Wakati huo mpwa wangu alikuwa mtoto wa miaka miwili, akibebwa mgongoni hapa Bariadi.

Habari zilipofika nyumbani tulikaa kikao cha ukoo. Wengine walinishauri niandike kwamba wawili hao wanaishi kwa raha na amani, maana serikali itajuaje? Dada yangu, mama yake binti, ndiye aliyekataa. Alisema, "Kaka, huyu mtoto amekaa na uongo ndani ya nyumba miaka miwili. Usimwongezee mwingine wa kwako." Nikaona ana haki. Nilikwenda kwa wakili nikaapa, nikaeleza niliyoyaona: siku za uchumba, siku ya kutoa ng'ombe, jinsi bwana yule alivyomtazama mke wake, na jinsi alivyoniahidi mimi mjomba mtu kwamba atamtunza. Nilisema kwamba siku ile niliamini, na bado naamini, kuwa walioana kwa nia ya kuishi pamoja. Yaliyotokea baadaye nilisema sikuyaona, nimeyasikia tu. Nilimalizia kwa kueleza kwamba kwa desturi zetu ndoa ikivunjika wazee hukaa na kuzungumza habari za ng'ombe, lakini hakuna anayesema kwamba haikuwahi kuwa ndoa.

Talaka ilitoka mwaka ule ule. Ombi lake, alilolipeleka peke yake, lilichukua muda mrefu, na kwa wakati wote huo aliishi kwa barua iliyoongeza muda wa kadi yake. Mwaka 2021 masharti yaliondolewa, akapewa kadi ya miaka kumi. Dada yangu alichinja mbuzi.

Ningeweza kuishia hapo na wewe ungefurahi. Lakini siku ya mbuzi huyo palikuwa na mtu mmoja mezani ambaye alikula kidogo sana, naye ni mkwe wangu.

Mkwe wangu ni Mkenya, mtu wa upande wa Migori. Alikuja huku kama fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akaoa binti yangu mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya Simiyu kukatwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa wenye makao yake hapa Bariadi. Wana watoto watatu. Mama ni Mtanzania, watoto ni Watanzania, na baba ni mgeni anayeishi kwa kibali kinachotokana na kazi yake. Mwaka pamba ikiwa mbaya na kiwanda kikipunguza watu, haki yake ya kulala nyumbani kwake inapunguzwa pamoja na mshahara. Mwaka mmoja alikwenda kwenye ofisi fulani akiwa na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na mtumishi aliyempokea akamrudishia karatasi zake akimwambia, "Ungekuwa mwanamke, mambo yangekuwa rahisi."

Maneno hayo yalimuumiza, lakini yalikuwa kweli tupu. Tanganyika ilipokaribia Uhuru, mwezi Oktoba 1961, Mwalimu Nyerere alisimama Bungeni kupinga kwa ukali hoja ya kutoa uraia kwa rangi ya ngozi, akaweka rehani serikali yake yote kwa jambo hilo. Sisi tuliokuja baadaye tunajivunia msimamo huo. Lakini sheria ile iliyokataa kubagua rangi ilibaki na ubaguzi mwingine ambao watu wachache waliuona. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia alikuwa na haki ya kuandikishwa kuwa raia. Mwanamume wa kigeni aliyeoa raia hakutajwa.

Miaka 34 baadaye ilitungwa Sheria ya Uraia Namba 6 ya mwaka 1995. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Andrew Chenge, mtu wa huku kwetu Bariadi. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusahihisha. Lakini kifungu cha 11 kiliendelea na njia ile ile: mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba na kupewa uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Mume wa kigeni anapita njia ya wageni wote. Lazima awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba ndani ya ile kumi iliyotangulia, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na mwisho wake ni hiari ya serikali kumkubali au kumkataa. Ndoa yake haimfungulii mlango. Hata kwa mwanamke, tazama neno "uhai": mume akifa kabla mke hajaomba, haki hiyo inazikwa naye. Sheria bado inamwona mke kama kivuli cha mumewe, ila safari hii kivuli kimepewa zawadi.

Jirani zetu wamekwisha kuliona tatizo hili. Huko Zimbabwe mwaka 1994 wanawake raia walioolewa na wageni walikwenda mpaka Mahakama ya Juu, nayo ikakubali kwamba kumfukuza mume ni kuinyang'anya haki ya mke ya kukaa katika nchi yake pamoja na mwenzi wake; lakini miaka miwili baadaye Katiba ikabadilishwa kuupunguzia uamuzi huo nguvu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilizungumzia mtu aliyefunga ndoa na raia, bila kujali ni mume au mke. Kenya ilikuwa na kanuni kama yetu tangu mwaka 1963. Katiba yake mpya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Binti yangu na mumewe wamevuka miaka saba zamani. Kama binti yangu, mzaliwa wa Bariadi, akitaka kuwa raia wa Kenya, ndoa yake inampa haki hiyo. Mumewe, aliyefundisha vijana wa hapa kutengeneza mashine na kuzika mtoto wake mmoja katika ardhi hii, ndoa hiyo hiyo haimpi kitu upande huu. Nchi ya mkwe wangu inamheshimu binti yangu kuliko nchi ya binti yangu inavyomheshimu mkwe wangu.

Sipingi masharti. Udanganyifu upo, na nchi ina haki ya kuulinda mlango wake, kama wazee wetu walivyotaka kuona ng'ombe kwanza. Hata miaka saba ya Wakenya ni mirefu, na majaribio ya Wamarekani ni mazito. Lakini mpwa wangu, pamoja na machozi yake yote, alijua tarehe ya mwisho, na mlango wa pembeni ulikuwapo hata baada ya ndoa kuharibika. Babu yangu alijua idadi ya ng'ombe. Mkwe wangu, kwa njia ya ndoa yake, hana tarehe wala idadi. Amebandika kalenda ukutani, na siku ya kwisha kwa kibali chake ameizungushia kalamu nyekundu. Mwaka ukibadilika, binti yangu huihamishia ile duara kwenye kalenda mpya.

Sheria za nchi hubadilishwa na Bunge, na mimi si mbunge. Lakini nimekisoma kifungu kile cha 11 mara nyingi, na sioni kazi kubwa ndani yake. Pale palipoandikwa "mwanamke" pangeweza kuandikwa "mtu", na pale palipoandikwa "mumewe", "mwenzi wake". Kisha wangeongeza idadi ya miaka, hata kama ni mingi, ili mwenye kungoja ajue anangoja nini. Nikiwa hai siku hiyo nitakwenda tena kwa wakili kuapa kwa ajili ya mkwe wangu, na safari hii sitahitaji kusema kwamba mengine nimeyasikia tu.